Ziwa la Kushoto

WEMA: Haloo! Nani mwenzangu? Sema, nakusikia kwa mbali.

STAMILI: Dada... ni mimi. Stamili. Shikamoo.

WEMA: Marahaba, mdogo wangu! Mbona namba ngeni?

STAMILI: Ya jirani, Mama Salmini. Yangu haina chaji. Na vocha yenyewe kidogo, haito—

WEMA: Basi kata, nikupigie.

STAMILI: Usipige! Itaita. Mkwe yuko hapo uani.

WEMA: Na ikiita je? Siku hizi simu ni haramu huko Newala? Haya. Kichanga chetu Majaliwa hajambo?

STAMILI: Yupo. Dada, ulipomzaa Upendo, lile ziwa lako lilianzaje?

WEMA: Ziwa gani la— Stamili. Una nini?

STAMILI: La kushoto. Limevimba, jekundu, la moto. Ikifika jioni natetemeka mpaka meno yanagongana.

WEMA: Tangu lini?

STAMILI: Tangu tuanze kubangua korosho.

WEMA: [mkwaruzo] ...nini? Wewe si uko ndani? Hujatoka arobaini!

STAMILI: Nazibangulia humuhumu ndani. Za shughuli ya arobaini ya mtoto. Mkwe kasema mzazi hatoki, lakini mikono yake haijafungwa.

WEMA: Eti haijafungwa! Mkweo Mama Yassini ana maneno yule. Na zilichomwa zikaiva?

STAMILI: Harakaharaka tu, kuni zenyewe chache. Mafuta ya maganda yamenibabua vidole vyote. Na vidole hivyohivyo ndivyo namshikia mtoto chuchu.

WEMA: Bila kunawa?

STAMILI: Nanawa na nini, dada? Bomba limekauka wiki nzima. Maji ya dumu ni ya kupikia na kutawadhia. Najifuta kwenye kanga.

WEMA: Mungu wangu. Chuchu ikababuka.

STAMILI: Ikababuka, ikapasuka. Akinyonya nauma kanga nisipige kelele. Ndiyo nikawa nampa la kulia tu.

WEMA: Na la kushoto unalikamua?

STAMILI: Subiri, mkwe anapita mlangoni.

WEMA: Stamili, unalikamua?

STAMILI: Mkwe kalifunga. Anasema maziwa yakichacha humo ndani, mtoto akiyanywa ataharisha. Kalikaza na kanga ili yakauke.

WEMA: Yakauke! Maziwa hayachachi ndani ya ziwa, mdogo wangu! Ndiyo kwanza yanatuama, na uchafu ulishapata mlango kwenye ule mpasuko. Mimi walinipasua jipu pale hospitali ya Ndanda, nesi akaniambia wazi: ziwa linalouma ndilo la kumpa mtoto, na asiponyonya ulikamue. Ifungue hiyo kanga.

STAMILI: Ataniona—

WEMA: Akuone! Fungua!

STAMILI: ...Nimeifungua. Kuna kitu kinachezacheza ndani, dada, pale kwapani. Nikigusa natamani kutapika.

WEMA: Usaha huo. Hospitali, leo hii. Huo ni wa kutolewa, na dawa yake si majani.

STAMILI: Natokaje? Yassini yuko Chiwata kwenye mikorosho, simu yake haipatikani tangu juzi. Na mama yake anasema mzazi akitoka kabla ya siku zake, mtoto anapatwa.

WEMA: Anapatwa na nini?

STAMILI: Hakusema.

WEMA: Mwite. Nipe niongee naye.

STAMILI: Sithubutu. Nitakaa na nani mkigombana? Wewe utakata simu ukae zako Masasi, mimi nibaki naye humu.

WEMA: Kweli. Basi nakuja mwenyewe. Kesho na gari la kwanza.

STAMILI: Mpaka ufike Newala mjini, upate na pikipiki ya kukuleta huku... itakuwa adhuhuri.

WEMA: Adhuhuri si mbali. Jikaze. Likande kwa maji ya vuguvugu, kikombe kimoja tu, uyaibe kama— [mkwaruzo] —unanisikia?

STAMILI: Nakusikia.

WEMA: Na mtoto, la kulia ananyonya vizuri?

STAMILI: Alikuwa ananyonya.

WEMA: Alikuwa?

STAMILI: Homa iliponipanda maziwa yakapungua hata kwenye la kulia. Mkwe akamkorogea uji mwepesi.

WEMA: Uji! Kichanga hata arobaini hajaimaliza!

STAMILI: Ulimtoka vilevile ulivyoingia. Siku mbili. Sasa hata hautoki tena.

WEMA: Yuko wapi?

STAMILI: Hapa mapajani.

WEMA: Mweke titini. Hilohilo la kushoto. Mweke sasa hivi, nimsikie.

STAMILI: Dada...

WEMA: Najua linauma! Ninalia na wewe huku. Mweke.

STAMILI: ...Nimemweka.

WEMA: Amelishika?

STAMILI: Mdomo umelala hapo. Ni wa baridi.

WEMA: Mguse shavu. Mtikise kidogo mguu, vichanga ndivyo walivyo, wanasinzia. Anavuta?

STAMILI: Mama Salmini anataka simu yake.

WEMA: Asubiri! Stamili, anavuta?

STAMILI: Salio linaisha, dada, inalia hapa sikioni.

WEMA: Nijibu basi! Anavuta?

STAMILI: Kesho ukija, njoo na mama.

WEMA: Mama wa nini? Na miguu yake ile? Mimi nakuja kukupeleka hospitali tu, na mtoto, tuta—

STAMILI: Njoo naye, dada. Na umwambie Yassini, ukimpata, arudi le—

[Simu imekatika.]