Tela la Nedra Halijashuka Mlimani

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha basi la shule. Kimewekwa mbele ya duka la matairi, pale barabara ya mlima Kettle inapoingia mjini Tamblyn, na hapo ndipo tunapokunywa kahawa asubuhi. Ijumaa tuliwasindikiza kutoka hapo Thayne Colbeck na mkewe Nedra. Walikuwa ndani ya kigari chao cha milimani, kile cha wazi chenye viti viwili na matairi manene, na nyuma yao walivuta tela la kulalia tulilolijenga kiangazi kizima kwenye gereji ya Thayne. Tangu waoane, kila Septemba hulala ziwani Ottilie, juu kabisa. Mwaka jana nyonga ilimkamata Nedra, akashindwa kuinuka chini kwenye hema. Mumewe akamwinua kama gunia. Nedra alipofika nyumbani alisema hataenda tena. Amefanyiwa operesheni, anatembea, lakini kulala chini hawezi. Ndiyo maana ya tela. Walisema watarudi Jumapili kabla ya giza. Leo ni Jumatatu, kahawa imeshamiminwa, na barabara ya mlima haina mtu.

Tulikuwa wanne. Springi ndiye mwenye duka na mdogo wake Nedra. Yeye ndiye aliyefunga ekseli, springi na magurudumu. Cheche ni fundi wa kuchomelea mabomba ya mashambani. Fremu ni yake, na kiungo cha kuvutia ni chake. Nabii ni seremala mstaafu, alipewa jina hilo kwa kutabiri hali ya hewa na kukosea. Yeye alijenga boksi lote la juu: kitanda, jiko na tangi la maji. Kanisa lake haliruhusu kahawa, kwa hiyo hunywa chokoleti ya moto na kuvumilia maneno yetu. Mimi, kazi yangu kwenye tela ilikuwa kushika taa.

Springi alikuwa amempigia sherifu alfajiri. Sherifu alijibu kwamba watu wengi huongeza usiku mmoja ziwani, na kwamba wasipoonekana hadi mchana atatuma gari. Simu hazishiki kule juu.

Springi: Wameongeza usiku mmoja. Basi.

Cheche: Umelisema hilo mara ya ngapi?

Springi: Kwa hiyo wewe unasemaje?

Cheche: Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, zile springi ulizitoa wapi?

Springi: Unajua nilikozitoa. Kwenye mashine ya marehemu baba ya kukatia majani.

Cheche: Mashine iliyokuwa imekaa shambani inaota kutu.

Springi: Wee Cheche, usinichokoze asubuhi. Springi ile haikatiki. Kinachokatika ni mahali palipochomelewa na mtu anayesikiliza redio.

Cheche: Mimi nasikiliza redio kwa masikio. Nachomelea kwa mikono.

Nabii: Jamani, hakuna kilichokatika. Ni dubu.

Springi: Nabii, nakuomba.

Nabii: Sikilizeni. Thayne hawezi kuamka bila nyama ya nguruwe ya kukaanga. Harufu imetoka, dubu amekuja, wao wamejifungia ndani. Na mlango wangu dubu hafungui. Kwa hiyo wako salama, ila hawawezi kutoka.

Cheche: Tangu jana?

Nabii: Dubu ana haraka gani?

Springi alicheka kidogo, akaacha. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakuwa amekinywa.

Cheche: Mimi nafikiria ile kona ya mawe. Tela likiegemea pale, kigari hakiwezi kuegemea nalo. Ndiyo maana niliweka kiungo kinachozunguka. Tela lipinduke lenyewe, kigari kibaki na matairi chini.

Springi: Kinachozunguka! Kitu kinachozunguka ndicho kinachofunguka. Ningekuwa mimi, ningeweka cha kawaida.

Cheche: Ungeweka cha kawaida, tela likipinduka lingemchukua dada yako pamoja na chupa yake ya chai.

Springi: Usiseme hivyo.

Cheche: Nimesema kama ungeweka. Sijasema limepinduka.

Springi: Usiseme kabisa.

Lori la maziwa likapita, dereva akapiga honi. Hakuna aliyeinua mkono.

Nabii: Nimeshajua. Siyo dubu, ni elki.

Cheche: Haya, twende.

Nabii: Septemba hii madume ya elki yana wazimu wa majike. Dume moja lina kimo cha farasi na pembe kama mti. Sasa, nani aliyenishauri nipige bati la ubavuni msasa mpaka ling'ae?

Springi: Hakuna. Ulipiga mwenyewe, tukakuambia utatupofua.

Nabii: Basi dume limekuja kunywa maji, limejiona kwenye bati. Limeona dume lingine. Limeanza kupigana nalo. Lenyewe likirudi nyuma, na lile linarudi nyuma. Likija, linakuja. Haliwezi kushinda wala kushindwa. Thayne na Nedra wako kitandani, tela linatikisika, wanasubiri lichoke.

Cheche: Na wewe unaruhusiwa kupiga kura, mtu mzima.

Nabii: Au wamehamia huko moja kwa moja. Nedra amelipenda tela, amekataa kushuka. Thayne amebaki kumbembeleza. Mwakani tutasikia wamefungua posta.

Hapo hata Springi alicheka vizuri. Kila walipochekeshwa walitazama barabarani, kisha wakatazamana kuona nani ametazama.

Pikapu ikaingia ikivuta tela la farasi, tairi moja la nyuma limekaa chini. Akashuka mwanamke wa makamo, kofia imepauka, buti zina matope. Hatukumjua. Springi alimwambia atamshughulikia sasa hivi, akampa kahawa, na mwanamke akakaa ukingoni mwa benchi kwa sababu Springi hakuinuka.

Akatusikiliza kwa muda. Nabii alimweleza mambo yote, elki akiwemo. Mwanamke akatikisa kichwa.

Mgeni: Na kigari hicho kina uzito gani?

Cheche akamtajia bila kufikiri.

Mgeni: Na tela?

Cheche akamtazama Springi. Springi akamtazama Nabii. Nabii akaangalia ndani ya kikombe cha chokoleti.

Mgeni: Nauliza tu. Mimi farasi wangu wakizidi gari kwa uzito, sishuki nao mlima. Kupanda hakuna shida, gari linavuta. Kushuka ndio wanakusukuma.

Springi: Tela ni jepesi. Tulilichora jepesi.

Mgeni: Mlilipima?

Mizani ya kupimia malori ya viazi iko mtaa wa pili tu kutoka gereji ya Thayne. Tulipita mbele yake kiangazi kizima tukibeba vyuma.

Cheche ndiye aliyeanza, na alianza kwa sauti ndogo.

Cheche: Fremu niliongeza mabamba. Kwenye kila pembe.

Springi: Lini?

Cheche: Siku mliyokwenda kula. Niliona mabomba yale ni membamba. Nikasema akikaa Nedra humo, sitaki niwe naamka usiku nafikiria pembe.

Springi: Mabamba manene?

Cheche: Ya kutosha.

Springi aliweka kikombe chini.

Springi: Ekseli siyo ile niliyowaonyesha. Ile niliirudisha. Niliweka ya tela la ng'ombe.

Cheche: Ya tela la ng'ombe! Springi, mle wanalala watu wawili!

Springi: Mmojawapo ni dada yangu!

Nabii: Jamani.

Springi: Nini wewe?

Nabii: Chini ya mbao za sakafu kuna chuma. Sakafu nzima. Niliogopa mguu wake usije ukatoboa mbao. Na tangi la maji, mnakumbuka nilisema moja? Yako mawili.

Cheche: La pili la nini?

Nabii: Aoge vizuri.

Wote wakanigeukia. Nikasema mimi nilishika taa tu, na ni kweli.

Mwanamke alisogeza miguu kumpisha Springi, ambaye alikuwa ameshasimama anatafuta funguo mifukoni. Springi ana desturi ya kuweka funguo ndani ya gari. Alizitafuta mifukoni mara tatu.

Springi: Mteremko wa kwanza tu pale juu... Breki za kile kigari ni kama za baiskeli.

Cheche: Nachukua minyororo. Nabii, lete jeki kubwa. Ile nyekundu!

Nabii: Nachukua na blanketi.

Springi: Blanketi la nini? La nini, Nabii?

Nabii: La baridi, mwanangu. La baridi tu.

Tulikuwa tumeshapanda gari, Springi kwenye usukani, sisi wengine nyuma na minyororo, mgeni alipoita. Alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi, anaangalia mlimani.

Mgeni: Vumbi lile ni la nani?

Vumbi lilikuwa kwenye kona ya mwisho ya juu, na lilikuwa kubwa. Kigari hakitimui vumbi la namna ile. Lori ndilo hutimua hivyo. Lakini lori lingekuwa linakwenda kasi, na vumbi hili lilikuwa linatembea kwa mguu. Lilijificha nyuma ya misonobari. Springi alizima injini na hakushuka. Likatokea upande wa pili, chini kidogo.

Cheche: Ni wao.

Springi: Umeona nini?

Cheche: Naona linavyong'aa. Bati la Nabii.

Nabii alikaa chini palepale kwenye minyororo, akavua kofia, akajifuta uso, kisha shingo, kisha uso tena.

Walichukua muda mrefu kutufikia. Nedra ndiye aliyekuwa anaendesha. Thayne alikuwa kando yake, ameshika mshikio wa juu kwa mikono miwili, vumbi limemfanya mweupe hadi kope. Tela lilikuwa nyuma yao, zima, na mkwaruzo mmoja mrefu ubavuni. Na nyuma ya tela, limefungwa kwa mnyororo, lilikuwa gogo la msonobari na matawi yake yote, linaburutwa ardhini na kuchimba barabara ya serikali.

Nedra akazima kigari mbele ya benchi.

Nedra: Nani kati yenu ameniwekea nyumba ya chuma?

Wote watatu wakatazama gogo.

Nedra: Nauliza. Jana tumeanza kushuka, mteremko wa kwanza tu, tela likatuanza. Thayne yuko kwenye breki kwa miguu yote miwili, na bado tunakwenda. Tukaingia kwenye mawe. Tela likalala ubavu.

Springi: Kigari je?

Nedra: Kilibaki wima. Nilitazama nyuma nikaona kile chuma cha kuungia kimezunguka, tela limelala kama ng'ombe, sisi tumekaa tu.

Cheche alifungua mdomo. Springi akamwahi.

Springi: Sema, kaka. Una haki.

Cheche: Sina la kusema. Na zile springi za magurudumu je, shemeji? Zilikatika?

Nedra: Hakuna kilichokatika! Ndiyo shida yenyewe, hakuna kitu kinachoweza kukatika humo! Tumeliinua kwa winchi, tumemwaga maji, tangi moja, nikaambiwa tumemaliza, kumbe kuna jingine.

Nabii: La kuogea, shemeji.

Nedra: Nimeliona. Bado likawa linasukuma. Giza likaingia, nikamwambia Thayne tulale hapo hapo. Asubuhi nikamkatisha msonobari ulioanguka. Baba yangu alikuwa akishusha mbao na farasi kwenye mlima huu. Alikuwa anafunga gogo nyuma ya gari, linaburuta, linashika. Tumeshuka hivyo toka kulipokucha.

Thayne: Mimi nilitaka kuliacha huko.

Nedra: Nani aliache?

Springi alikuwa ameshafika kando ya kigari. Alinyoosha mkono kumsaidia dada yake, halafu akaurudisha, halafu akaunyoosha tena. Nedra akaushika, akashuka, akamshikilia mdogo wake shingoni kwa muda. Walipoachana, shati la Springi lilikuwa na vumbi jeupe kifuani.

Springi: Dada, tusamehe.

Nedra: Nitawasamehe mkishatoa vyuma vyenu. Kila mtu atoe chake. Mwakani nataka kupanda tena, na sitaki kuburuta msitu.

Hawakusubiri hata kahawa. Cheche alileta grenda, Springi akaingiza jeki, na kabla gogo halijafunguliwa wakawa wanagombana chini ya tela nani aanze, maana mabamba ya Cheche yalikuwa yamefunika nati za ekseli ya Springi. Thayne akaegemea ukuta wa duka akafumba macho. Nedra akakaa benchini karibu na yule mgeni, akapokea kikombe, akanyoosha miguu.

Mgeni: Ulilala lakini?

Nedra: Usiku wote. Nimeamka leo nikateremsha miguu, ikafika chini. Nikasimama. Thayne alikuwa bado anakoroma. Mwaka jana alinibeba, dada yangu, nilikuwa nalia. Leo nimetoka peke yangu nikaenda kuangalia mahali tulipoangukia.

Mgeni: Kitanda kiko juu sana?

Nedra: Kiko sawasawa na kiti changu cha jikoni. Huyo mzee alikuja nyumbani siku moja na futi yake, akapima kiti, sikujua cha nini. Nilidhani amezeeka.

Grenda ilianza kulia. Cheche alikuwa kwenye pembe ya mbele, cheche zinaruka. Nabii alikuwa ameingia ndani kwa magoti, na tukamsikia akigonga ubao wa kitanda kutafuta pa kuanzia kung'oa chuma.

Nedra akainuka. Hakushika ukingo wa benchi, hakushika bega la mtu, na kahawa haikumwagika.

Nedra: Nabii! Hapo usiguse!

Cheche akazima grenda. Springi alitoa kichwa chini ya tela, akamtazama dada yake aliyesimama katikati ya uwanja na kikombe mkononi, na kichwa hakukirudisha chini.

Nabii akajibu kutoka ndani:

— Sijagusa, shemeji. Nilikuwa naangalia tu kama kiko imara.