Kokushubila Ishmael (1946–1998), Aliyefundisha Kwamba Umaskini si Dhambi

Marehemu Mwalimu Kokushubila alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 Kamachumu, Bukoba, binti wa tatu wa Mzee Ishmael, mkulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapohapo, sekondari mjini Bukoba, na mwaka 1971 akahitimu shahada ya historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na Zakayo, fundi mitambo, wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1985 familia ilihamia Sydney, ikapanga nyumba Toongabbie. Mzee Zakayo alipata kazi bandarini Port Botany, naye marehemu akafundisha historia katika chuo cha jioni. Somo lake lilikuwa zile nyumba za kazi za Uingereza ya zamani walimowekwa mafukara: mume huku, mke kule, wote katika sare, wakivunja mawe kutwa, ili maskini mwingine aogope kubisha hodi. Alikuwa akisema watu wa enzi hizo waliuona ufukara kuwa uvivu, na ilichukua vizazi kadhaa mioyo kulainika. Siku moja aliwapikia wanafunzi uji usio na chumvi wala sukari, waonje chakula cha humo. Apondi, msichana wa Kisumu, akamaliza bakuli lake. "Mwalimu, huu mbona ni mtamu?" Marehemu alicheka hadi machozi.

Mwaka 1992 chuo kilifuta somo lake, na mwaka huohuo Mzee Zakayo akaumia mgongo. Wakahamia Mount Druitt, mtaa wa watu wa kipato duni pembezoni mwa jiji hilohilo. Ndugu wa Kamachumu hawakuambiwa. Picha walizotumiwa ziliendelea kuonyesha bustani ya Toongabbie. Jumamosi moja njaa ilimfikisha marehemu kwenye ukumbi wa kanisa uliogawa chakula. Aliyeshika upawa alikuwa Apondi.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Akamjibu kwa Kiingereza kwamba amemfananisha, akatoka mikono mitupu. Nyumbani alimwambia mumewe kuwa ukumbi ulikuwa umefungwa. Aibu ile ilimla. Apondi alipokuja kubisha hodi, alijificha jikoni. Alipokuja tena, Mzee Zakayo akafungua.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba umaskini si dhambi?"

"Nilifundisha, mwanangu," akasema, macho chini. "Sikuwa nimeamini."

Jumamosi iliyofuata alikwenda ukumbini na mumewe, wakala mbele za watu. Siku hiyo hakuinua uso. Baadaye alizoea kuketi karibu na mlango, na akimwona mtu anasitasita nje, humwita, "Ingia. Na mimi nimekuja kula."

Mwaka 1997 aligundua uvimbe titini. Aliuficha kwa miezi mingi, akiona haya kuwasumbua watu wampeleke hospitali, na madaktari walipouona ulikwisha kuenea. Alifariki tarehe 9 Agosti 1998, mumewe akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo aliwaagiza wanawe: "Mtanizika kwa michango. Msifiche. Semeni." Basi familia inasema: jeneza hili mmelinunua ninyi mliosimama hapa. Asanteni.

Ameacha mume, Mzee Zakayo; watoto, Rufus na Peninah; mjukuu mmoja; na ndugu zake wa Kamachumu, ambao habari za Mount Druitt watazijua kwa kusoma wasifu huu.

Apumzike kwa amani ya Bwana, wala asione haya tena.