Mama Masikio na Dramu Zilizopotea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyeaga dunia wiki iliyopita, na nawaambia mapema: kama mmejiandaa kwa kinanda cha huzuni, mmepotea njia. Mama huyu alikuwa mtu wa hevi metali. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Magitaa yanayonguruma, dramu zinazokimbizana, na mwimbaji anayeimba kama mtu aliyefungiwa nje mvua inanyesha. Tangu familia yake iliponisimulia habari zake, mimi mwenyewe sijatulia kitini.

Mtaani aliitwa Mama Masikio, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mpima masikio hospitalini. Maisha yake yote ya kazi, mpima masikio. Alikuwa na kachumba kadogo kasikopitisha sauti. Mgonjwa anaingia, anavishwa hedifoni, anaambiwa: ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, nyanyua mkono. Yeye yuko upande wa pili wa kioo, anabonyeza na kutazama. Alipima mafundi wa kuchomelea vyuma, alipima watu wa viwandani. Wengi wao walikuwa wameumia mahali palepale: kwenye zile sauti nyembamba, kali, zinazochoma. Sauti hizo alizichukia kama adui wa ukoo. Chuki hiyo ilikuja kumponza, mtaona.

Nyumbani alikuwa na mume, dereva wa lori mstaafu, na binti mmoja. Huyo binti wanamwita Nyundo. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi kwa jinsi anavyopiga dramu. Mzee wake anasema Nyundo akifanya mazoezi chumbani, vikombe vilikuwa vinatembea kabatini. Mama Masikio hakuupenda muziki ule hata chembe. Alimnunulia binti yake vizibo vya masikio, akafunga mlango, akaendelea na shughuli zake.

Basi, mama akastaafu. Mwaka huohuo bendi ya Nyundo ikarekodi nyimbo zake, na baada tu ya kurekodi ikasambaratika. Mpiga gitaa alipata kazi nchi ya mbali. Mwimbaji alioa, akahama. Hapakuwa na namna ya kurudia tena. Kilichobaki ni zile nyimbo tu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wimbo ukisharekodiwa, na sauti zake zikishachanganywa, bado kuna kazi moja ya mwisho. Kazi ya kuunyoosha wimbo mzima, ili usikike vizuri redioni, kwenye gari, hata kwenye simu. Watu wa studio wanaiita masta. Masta ndiyo kazi ya mwisho kabla wimbo haujatoka nje. Bendi ilimpa kazi hiyo mtu mmoja mjini, naye akarudisha nyimbo haraka haraka.

Nyundo akaziweka sebuleni, wazazi wake wamekaa. Sauti ilikuwa kubwa, madirisha yanatetemeka. Lakini dramu? Zilisikika kama mtu anayegonga boksi la karatasi chumba cha pili. Nyundo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe ndivyo ninavyopiga." Siku hiyohiyo akaanza kutafuta wa kumuuzia dramu zake. Akampata. Mnunuzi akasema atakuja kuzichukua mwisho wa mwezi.

Mzee ananiambia mkewe alimfuata jikoni, amekunja uso. Akamwambia, "Huyu mtoto anapiga. Nimemsikia kwa ukuta miaka yote. Kuna mtu amemficha."

Kesho yake asubuhi, mama mstaafu, mkoba begani, yuko mlangoni kwa fundi sauti aliyewarekodi. Studio yake iko nyuma ya duka la matairi. Fundi huyo wanamwita Bwana Taratibu, kijana mpole mwenye ndevu za kutisha. Alikuwa bado anazo nyimbo kama zilivyokuwa kabla ya masta. Mama akamwambia shida yake: mwisho wa mwezi dramu zinaondoka, na binti yake anaamini hajui kupiga. Akaomba afundishwe masta. Bwana Taratibu alimuuliza kama amewahi kusikiliza metali. Akajibu kwamba amewahi kuifungia mlango.

Na akafundishwa! Somo la kwanza lilikuwa kusikiliza bila kugusa kitu. Akawekewa wimbo mmoja wa metali uliokwisha kufanyiwa masta nzuri, awe anaurudia kama mtu anayerudia kioo wakati wa kuvaa. Somo la pili: usifanye kazi na masikio yaliyochoka. Hapo mwanafunzi alimgeuka mwalimu, akampa hotuba ndefu, na kuanzia siku hiyo studio ile ina muda wa kupumzika. Akafundishwa kwamba masta si mahali pa kufanya makubwa. Unapunguza kidogo hapa, unaongeza kidogo pale, ukiona unafanya mengi ujue umeharibu.

Akafanya masta yake ya kwanza. Akampelekea Nyundo kwa furaha. Mnajua alichokuwa amefanya? Alikuwa ameondoa kila kitu kinachochoma. Ile mikwaruzo ya magitaa, ule ukali wa matoazi, vyote nje. Mpima masikio alikuwa amewatibu. Muziki ulikuwa salama kabisa, umetulia kama umefunikwa blanketi. Nyundo alicheka, nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu zile nyimbo zirudi. Akasema, "Mama, umetuogesha, umetuchana nywele, umetupeleka kwa mwalimu mkuu." Kisha akamuomba mama yake aachane na jambo hilo, asijisumbue.

Aachane nalo? Hamumjui huyo mama. Akarudi nyuma ya duka la matairi, safari hii na hasira. Ukali wote akaurudisha. Kisha akakamata kile chombo kinachokandamiza sauti kubwa ili wimbo wote upande juu, akakisukuma, akakisukuma tena. Jamani, ikalia! Bwana Taratibu akatikisa kichwa kwa raha, mafundi wa matairi wakaja kuchungulia dirishani. Mama Masikio alirukaruka, yeye mwenyewe, na viatu vyake vya hospitali. Akataka kumpigia simu Nyundo aje mara moja.

Bwana Taratibu akamwomba asubiri kidogo. Akashusha ile masta mpya mpaka ikalingana kwa sauti na wimbo wa asili, ule ambao haujaguswa. Akavipiga vyote viwili kwa zamu. Hapo ndipo ujanja ukaonekana, wasikilizaji wapendwa. Kitu kikubwa kwa sauti sikio hukidhania kizuri. Sawazisha sauti, ndipo uamue. Zilipolingana, ya asili ilikuwa na pumzi, na ya mama ilikuwa bapa. Na dramu za Nyundo hazikuwepo. Zilikuwa zimekandamizwa zote, zimelala chini ya magitaa. Yaani mama alikuwa amefanya kosa lilelile la yule mtu wa mjini.

Bwana Taratibu anasema mama alivuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Yule mtu hakuwa mbaya. Alifurahi mno, kama mimi."

Na mwezi ulikuwa unayoyoma. Mnunuzi amekwisha kupiga simu kuuliza njia.

Mama akaanza upya. Akaacha kutafuta ukubwa, akaanza kumtafuta mtoto wake. Katika metali sauti za magitaa hushushwa ziwe nzito sana, besi, lile gitaa la sauti nene, nayo iko hukohuko chini, na ngoma ile inayopigwa kwa mguu inataka kukaa palepale. Wote watatu mlango mmoja, nani atapita? Akamwomba Bwana Taratibu amsogezee besi kidogo tu kwenye mchanganyo, kabla ya masta, maana kuna mambo ambayo masta haiyawezi. Kisha akapunguza ule mvumo wa chini kabisa ambao hausikiki bali unajaza nafasi. Ukali wa magitaa akauacha ulivyo, ingawa ulimuuma roho. Kile chombo cha kukandamiza akakigusa kwa ncha ya kidole. Akaacha mapigo ya dramu yainuke.

Sasa ahakikishe vipi? Akarudia mbinu yake ya hospitali. Alimweka Mzee kwenye gari lao bovu mbele ya nyumba, vioo vimefungwa, yeye akasimama nje. Akamwambia: ukisikia ngoma ya mguu, nyanyua mkono. Mzee, anayependa nyimbo za kubembeleza, akakaa kama mgonjwa mtiifu. Wimbo ukaanza. Mkono ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Halafu Nyundo akafika ile sehemu anayopiga kwa miguu miwili, mfululizo. Mzee ananiambia, "Mkono ulinishinda. Nikawa kama mtu anayefukuza nyuki." Majirani walitoka wakidhani kuna ugomvi ndani ya gari. Mama Masikio alikuwa nje ya kioo, anacheka na kulia kwa pamoja.

Nyundo akaitwa. Alitoka akiwa ameshika tepu ya kufungia mizigo, maana alikuwa anafunga dramu zake tayari kwa mnunuzi. Akaketi kiti cha nyuma. Mama akamwekea wimbo. Nyundo alisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile. Akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akauliza, "Mama, huyo ni mimi?"

Mama akamjibu, "Ni wewe. Mimi nimewasogeza tu waliokuwa wamesimama mbele yako."

Mnunuzi alipokuja alipewa chai, akaombwa radhi, akaenda zake. Dramu hazikuuzwa. Nyundo leo anapiga na bendi nyingine, na vikombe vya Mzee vinaendelea kutembea.

Na mama? Mama alikolea! Bendi zikaanza kumfuata sebuleni kwake. Vijana wa nywele ndefu na minyororo wanavua viatu mlangoni, shikamoo mama, wanakaa mstari kwenye kochi. Hakumfanyia mtu masta kabla hajampima masikio. Kila mmoja aliondoka na vizibo vyake. Mzee, ambaye bado hapendi muziki ule, aliniambia kwa sauti nzito, "Nilioa mtu wa hospitali. Nimefiwa na mtu wa metali. Wote wawili niliwapenda sana." Mama Masikio aliugua muda mfupi, akafariki nyumbani, mumewe na binti yake wakiwa pembeni yake.

Mzee wetu, pole sana. Nyundo, dada yetu, pole sana. Bwana Taratibu na vijana wote mliokaa kwenye lile kochi, poleni. Mungu ampumzishe. Na sisi tuliobaki tujiulize jioni hii: nyumbani kwetu kuna nani ambaye tumeridhika kumsikia kwa ukuta, na tukasema tunamjua?

Wasikilizaji wapendwa, Nyundo ameketi hapa studioni, mbele yangu. Tutapiga wimbo ule, masta ya mama yake. Ameniomba jambo moja. Hapa redioni tuna mtambo unaokandamiza kila kitu tunachorusha, ili sauti zote ziwe kubwa sawasawa. Kwa muda wa wimbo huu mmoja, mafundi wetu wameuzima. Kwa hiyo wimbo utawafikia kwa sauti ndogo. Redio zenu ni nzima, msizipige kofi. Huyu ni Nyundo, anapiga jinsi mama yake alivyomsikia. Ongezeni sauti wenyewe.