Pasi kwa Asiyekuwepo

Jumatatu, tarehe tatu Juni, asubuhi ya manyunyu. Ndani ya basi, mama mshonaji alifunga kitabu chake cha masomo ya jioni, akamtegea sikio kocha wa mpira wa kikapu aliyekaa mbele yake na mchezaji wake.

“Jana ulidaka, ukageuka, ukarusha mbele kabla wapinzani hawajarudi kujilinda. Safi! Lakini ulimrushia nani, mwanangu?”

“Kaka alikuwa pale siku zote, kocha. Sikuhitaji kutazama.”

“Kaka yako tumemzika.”

“Mkono haujajua bado.”

“Basi mechi ya Jumamosi utakaa benchi na mkono wako huo.”

Mama akamwombea marehemu kimoyomoyo. Basi likasimama. Kijana akainuka, akapaza sauti: “Nipange, kocha. Abiria hawa ni mashahidi: nitatazama kwanza, ingawa najua hayupo.”