Buti la Harusini

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya meza ya kahawa ya Maame Dufie, hapa Suame, Kumasi, katikati ya injini zilizokufa na zinazokataa kufa. Mimi ni Antwi, fundi wa giaboksi. Jumamosi hiyo nilikuwa ndani ya suti, buti la kushoto linang'aa, mguu wa kulia umevimba hauingii popote. Juzi giaboksi ya lori iliniangukia vidoleni. Na saa nne natakiwa nimwingize binti yangu Serwaa kanisani. Wenzangu wawili, Profesa na Bila Gari, nao wamependeza, buti zao zinametameta, wananipa moyo huku wanakunywa.

— Sukuma, Antwi! — Profesa akasema. — Paka mafuta ya breki.

— Nimepaka ya mawese, nimepaka na sabuni. Wapi!

— Giaboksi hiyo ilitumwa — akasema Bila Gari, dereva ambaye sijawahi kumwona na gari. — Kuna mtu haitaki harusi.

— Acha ushirikina wewe. Hii ni sayansi. — Profesa alisoma chuo cha ufundi muhula mmoja, hatujapumzika tangu hapo. — Buti lina chuma mbele. Chuma kinaita chuma. Giaboksi ilikuwa inalitafuta buti.

— Lakini sikuwa nimevaa buti!

— Ndiyo maana ikakasirika.

— Halafu buti linalainisha mguu — Bila Gari akadakia. — Profesa huyu anachomelea na ndala. Cheche ikimdondokea, anaruka kidogo, kazi inaendelea.

— Kumbe! — Maame Dufie akasema. — Mimi nilidhani anacheza kwa furaha.

Tukacheka, mimi nikacheka huku machozi yananilenga.

— Jamani, mtoto hana mama. Nisipofika, nani atamshika mkono?

Hapo gari la harusi likasimama, akashuka bwana mmoja mgeni, mjomba wa bwana harusi, katoka Takoradi.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Nimekuja kumchukua baba wa bibi harusi. Lo! Pole, mzee. Umeumia nini?

— Giaboksi, bwana. Kazini.

Akatazama miguu yetu yote.

— Hizi si buti za kazi?

— Zenyewe! — Profesa akainua mguu. — Chama cha mafundi kilitupa. Mwaka wa pili huu, misiba, ubatizo, harusi, na hazina hata mkwaruzo!

— Sasa giaboksi ilipoanguka, za mzee zilikuwa wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Bila Gari akakumbuka kufunga kamba. Nami nikaliona akilini boksi la buti zangu siku ile, chini ya kitanda, nimelifunika gazeti lisiingie vumbi.

— Kahawa imekwisha — akasema Maame Dufie.

Mlangoni mwa kanisa Serwaa akainama kutazama.

— Baba, miguu gani hiyo?

— Huu buti la harusini, mwanangu. Huu ndala ya kazini.

Akacheka mpaka shela ikamteleza. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, tukaingia polepole, yeye ndiye ananiongoza mimi.