Mstari wa Mwisho wa Bwana Bei

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, jikoni, gereji au juu ya kabati, isogeze karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyepandisha bei ya bia mara thelathini na moja, na bado watu wakamlilia msibani.

Simtanii marehemu. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akijitambulisha. Alikuwa fundi wa kuandika mabango: mabango ya maduka, milango ya ofisi, ubavu wa malori, na zaidi ya yote, mbao za bei kwenye baa. Tulimwita Bwana Bei. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Bwana Bei, fundi wa mabango, miaka sabini na minne.

Hata mlango wa studio hii aliuandika yeye. Tulimwomba aandike neno moja tu, "Kimya". Akaandika, "Kimya, watu wanaongea". Meneja wetu alipouliza mbona maneno yamezidi, alijibu, "Hayo mawili ni nyongeza. Ukitaka niyafute, hiyo ni kazi nyingine, utanilipa." Yapo mpaka leo.

Turudi nyuma, wasikilizaji. Enzi zile bia moja ilikuwa sarafu tatu. Sarafu tatu, na chupa inakujia inatoka jasho. Wazee wenzangu wakianza habari hizo macho huwalegea. Lakini ole wako uzianze mbele ya Bwana Bei. "Na mshahara je?" angekuuliza. "Kutwa nzima ulikuwa unalipwa sarafu ishirini. Bia tatu tu, umeshakunywa karibu nusu ya siku yako. Urahisi gani huo unaoulilia?" Tarakimu zote alikuwa nazo kichwani, maana ni yeye aliyeziandika.

Lakini ujana ni ujana. Jumamosi saa saba mchana tulikuwa tunatoka kazini na bahasha ya mshahara mfukoni, moja kwa moja mpaka baa ya kona. Mwenye baa alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, tukimwita Mama Kona. Mama Kona alikuwa na sheria moja: bei ni ile iliyo ubaoni. Hata kama kiwanda kimepandisha bia tangu asubuhi, maadamu ubao haujaandikwa upya, unalipa bei ya jana. Aliiweka sheria hiyo ili walevi wasibishane na wahudumu wake. Baa zote za jirani zikaiga.

Sasa fikirini wenyewe. Bwana Bei anatokea na ngazi begani na kopo la rangi mkononi. Baa nzima inapiga kelele, "Zimepanda!" Mmoja anaipokea ngazi na kwenda kuificha chooni. Mwingine anavuta kiti. "Fundi, pata moja kwanza, rangi haikimbii." Na fundi akiwa anakunywa, ubao hauandikwi. Ubao usipoandikwa, bei haipandi. Kazi ya saa moja ikawa inachukua siku nzima. Na baa zilikuwa kumi na mbili.

Tulicheka sana, wasikilizaji. Na mimi nilikuwemo. Mshahara wangu wa kwanza hapa redioni nilimnunulia Bwana Bei chupa mbili ili asipande ngazi, nikajiona mjanja kuliko wote. Leo naona haya. Tulikuwa tunaokoa sarafu moja kwa kila chupa, na mtu mzima mwenye mke na mtoto alikuwa anaharibika mbele ya macho yetu, huku tunampigia makofi.

Mkono ukaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo tu, asubuhi. Baadaye mpaka mchana. Kwa fundi wa mabango, mkono ndio shamba lake na ndio duka lake.

Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa na miaka tisa wakati ule. Shule yake ikataka bango jipya getini, na binti akalitangazia darasa zima, "Atakayeandika ni baba yangu." Siku ikafika. Mapumziko ya saa nne, watoto wote wamesimama chini ya ngazi. Bwana Bei akaanza. Herufi ya kwanza ikaenda upande. Ya pili ikaifuata. Alipofika katikati ya jina la shule, herufi zilikuwa zinaegemeana kama watu wanaotoka baa ya kona. Watoto wakacheka. Binti hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, unaumwa?"

Akajibu, "Ndiyo, mama. Naumwa." Akashuka, akaibeba ngazi yake, akaenda nyumbani na kazi haijaisha.

Mke wake, bibi mpole mwenye kumbukumbu kali, tulimkuta sebuleni wiki hii amekaa chini ya kalenda aliyoiandika mumewe. Alituambia, "Watu wanasema aliacha siku ile. Waongo. Mara ya kwanza alivumilia siku kumi na moja. Mara ya pili, mwezi na kidogo. Mara ya tatu ndiyo hii iliyofika miaka thelathini na sita. Na hata alipoacha, mkono haukurudi. Alilia. Nikamwambia, baba, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chukua brashi."

Akachukua. Alijifunza upya kama mtoto wa chekechea. Alianza na herufi O, maana O haina pa kujificha, mkono ukitikisika inaonekana. Aliziandika kwenye magazeti ya zamani. Magazeti yalipokwisha, akaandika kwenye mlango wa jikoni. Mafundi wa mabango wana fimbo ya kuegemezea mkono wakati wa kuandika. Binti alikuwa akirudi shule anaishika ncha ya fimbo ile isiteleze. Kila siku, miezi saba. "Mlango wangu ulijaa O mpaka wageni wakadhani ni urembo," bibi alituambia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia.

Mwezi wa nane alirudi shuleni na ngazi, akalifuta lile bango na kuliandika upya bila kudai hata sarafu. Nililipita jana. Herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, wasikilizaji, na hili ndilo lililonifanya niombe kipindi hiki. Mtu anayeacha pombe haachi chupa peke yake. Anaacha na watu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi hatukumwita tena. Hatukuwa na chuki naye. Tulisahau tu.

Jumamosi moja alikuja mwenyewe. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akaomba maji. Mama Kona akamwambia mbele yetu sote, "Fundi, maji hayalipi kodi. Kiti hicho cha wanywaji." Bwana Bei akainuka, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka. Hakuna aliyemtetea. Hata mimi.

Wiki tatu baadaye bia ikapanda. Mama Kona akahitaji ubao. Alijaribu fundi mwingine, naye huyo akamwandikia sita inayofanana na sifuri, na Jumamosi nzima ikawa vita. Jumatatu akamwita Bwana Bei. Bwana Bei akasema, "Nitakuandikia, na sitaki malipo. Ila mstari wa mwisho ni wangu."

Akaandika bia zote na bei zake. Kisha chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: Maji ya kunywa, bure.

Mama Kona aliguna, akaangalia ubao, akaangalia ngazi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe: bei ni ile iliyo ubaoni. Akamletea glasi.

Tangu hapo Bwana Bei hakuandika ubao wa baa yoyote bila mstari ule. Bei nyingine alizibadilisha na kuzibadilisha. Ule hakuugusa. Na mnajua nani alifuata? Wengine walioacha. Jirani yake, mwashi mstaafu, alituambia, "Daktari aliponikataza, nilichoogopa si kiu, ni Jumamosi. Nitakaa wapi? Nikakumbuka Bwana Bei yuko pale na glasi yake, anabishana kuhusu mishahara ya zamani. Nikaenda. Nipo mpaka leo, na ini langu lipo."

Nimewaambia alifariki Jumanne. Tulimzika Alhamisi. Na jana alasiri, wasikilizaji, bia ikapanda.

Nilikuwepo. Binti yake, ambaye sasa ndiye fundi wa mabango, aliingia baa ya kona na ngazi begani na kopo la baba yake. Mama Kona, siku hizi anatembea na mkongojo, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, pole tena. Bei hizi hapa, nimeziandika kwenye karatasi. Ule mstari wa mwisho safari hii uuache. Maji nayauza kwenye chupa siku hizi, na aliyekuwa akiupigania amelala."

Binti aliegemeza ngazi ukutani. Hapo mzee mmoja kwenye meza ya nyuma, mazoea yana taabu, akajisahau akaita, "Fundi, pata moja kwanza!" Kisha akajishika mdomo.

Binti akamgeukia. Akavuta kiti cha baba yake, akakaa. "Asante, mzee," akasema. "Nipatieni maji."

Hakuna aliyecheka. Mwashi akainama. Mhudumu akanyanyuka, lakini Mama Kona akamzuia kwa mkono. Akaenda mwenyewe, polepole, mpaka nyuma ya kaunta. Akarudi na glasi imejaa mpaka juu, inamwagika kidogo kwa sababu siku hizi na mkono wake unatetemeka. Akaiweka mezani.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kisha panda ukaandike. Yote."

Kwa mjane wa Bwana Bei, kwa binti yake na wajukuu, sisi wa hapa redioni tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu awatie nguvu. Na kwa niaba ya wale tuliokuwa tukiificha ngazi, bibi, tunaomba radhi. Tumechelewa, lakini tunaomba.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla sijawaacha. Kumbukeni bei za zamani, simulieni, chekeni, hakuna ubaya. Lakini kila mmoja wenu ana mwenzake aliyeacha kunywa, na siku hizi hamwitani. Leo ni Jumamosi. Mpigie simu sasa hivi, umwambie kiti chake kipo.