Gauni la Verna Delacourt

Tramu ya kutoka Hollywood haikuwa imefika hata nusu ya njia, na Hazel Pruitt, mshonaji wa studio, alikuwa ameshachoshwa na mama mwenye kofia ya unyoya aliyekaa mbele yake.

"Verna Delacourt kufanywa mama mzazi! Juzi tu alikuwa anaiba waume za watu kwenye filamu, leo anakoroga supu na kulia!"

"Studio ndiyo inayopanga, bibie," alisema mzee wa pembeni, ambaye hata hawakujuana naye. "Mchagua jembe si mkulima."

"Si akatae!"

"Akikataa anasimamishwa kazi, na siku hizo zinaongezwa kwenye mkataba wake. Akatae mpaka ang'oke meno?"

"Huyo anayeigiza mwanawe, mwaka juzi si ndiye aliyekuwa mpenzi wake? Wanatuona mazuzu! Lakini ngoja, watamrudishia lile gauni lake jeusi la dansi. Nakwambia!"

Hazel aliukumbatia mfuko uliokuwa mapajani. Gauni lenyewe lilikuwa mle ndani, jekundu kama damu. Kamera ya picha nyeusi na nyeupe ndiyo iliyolitia weusi. Asubuhi alilipunguza kiuno, akafumua jina la Verna ndani ya ukosi, akashona la msichana wa miaka kumi na tisa. Lilibaki pindo tu, la kumalizia nyumbani.

Mama wa kofia akageuka. "Eti mwenzangu, si watamrudishia?"

Tramu ikasimama.

"Nashuka hapa," alisema Hazel, akashuka, ingawa kufika kwake vilikuwa bado vituo vitatu.